Safari ya Mpwapwa: nusu ngumu ya utii

Nilianzia Kikuyu, Dodoma mjini, kwenye majengo yaliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo na ambayo tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St John's. Kabla ya kuitwa Mazengo, shule hiyo iliitwa Alliance, na hapo ndipo Festo Kivengere, kijana kutoka Kigezi, Uganda, alipofundisha kuanzia miaka ya 1940. Nilizunguka chini ya miti nikiwatazama wanafunzi wakipita na mabegi yao, nikawaza jinsi Mungu anavyomwandaa mtu mahali pa kawaida kabisa: chaki, madaftari ya kusahihisha, sala za asubuhi.

Maana yaliyomkuta baadaye hayakuwa ya kawaida. Februari 1973, akiwa Askofu wa Kigezi, alikwenda uwanjani Kabale kuzungumza na watu watatu muda mfupi kabla askari wa Idi Amin hawajawapiga risasi mbele ya umati. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Janani Luwum, akauawa, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji ya raia. Kivengere na mkewe Mera walitoroka, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka uleule akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake lilitamka wazi kwamba anampenda Idi Amin.

Jina hilo ndilo lililonisafirisha. Kikundi chetu cha Biblia kilikuwa kimefika Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," na kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya kukataa amri mbaya. Nilipogusia kumpenda anayeitoa amri hiyo, watu walianza kutazama saa. Katekista wetu akaniita pembeni: "Nenda Mpwapwa. Kuna mchungaji mstaafu pale, kamsikilize."

Kosta ilijaa mapema. Tukashika barabara ya Morogoro, tukapita Ihumwa na Buigiri, mibuyu imepukutika majani, vumbi jekundu likiingia kila upenyo. Mbande tukakata kulia kuelekea Kongwa. Jirani yangu, mama aliyepakata kuku, aliuliza nakwenda msibani au harusini. Nikamwambia nakwenda kuzungumza na mchungaji. "Basi utuombee mvua," akasema, akageukia dirishani.

Mpwapwa iko chini ya milima, na misafara ya zamani ilipumzika hapo kujaza maji kabla ya kuingia nyika kavu ya Marenga Mkali. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, alifyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani pwani mpaka hapa, akiwa anaelekea Uganda. Mwaka 1882 James Hannington naye alipita njia hii ya kati, homa ikamshika na ikambidi arudi Uingereza. Alikuja tena akiwa askofu, safari hii kwa njia ya Umasaini, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Miezi tisa kabla yake, Januari 31, vijana watatu wa misheni walikuwa wamechomwa moto karibu na Mengo. Moto wa Namugongo, ulioteketeza Wakristo wengine wengi, ukafuata tarehe 3 Juni 1886. Kwa hiyo Injili ambayo wale vijana waliifia, sehemu yake ilipita katika vumbi hili hili nililokuwa nalikung'uta kwenye suruali.

Mchungaji nilimkuta uani, gunia limetandikwa mbele yake, anabangua karanga.

"Shikamoo, Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, marahaba mwanangu. Kaa hapa, unisaidie."

Ukucha wake wa dole gumba ulikuwa umepasuka katikati, naye alikuwa akiuingiza kwenye mshono wa ganda, anabinya mara moja, karanga zinadondoka. Mimi niliponda nyingi. Alisimulia bila kunitazama.

"Baba alipofariki, mkubwa nilikuwa mimi. Mwaka ule mvua ikakawia. Wazee wa ukoo wakaniita niongoze tambiko kaburini. Nikawaambia, wazee wangu, nawaheshimu, ng'ombe natoa tule wote, ila kuomba nitamwomba Mungu aliye hai. Wakaona nimewatukana."

Shamba la bondeni akapewa mdogo wake. Siku za kulima hakuna aliyekuja kumsaidia. Mke wake alisalimia kisimani, hakuitikiwa.

"Hiyo ilikuwa nusu nyepesi," akasema.

Nikamuuliza nyepesi kivipi.

"Kukataa kuna nguvu yake. Unajiona umesimama na akina Shadraka, waliokataa kuisujudia sanamu ya mfalme. 'Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme' — niliisema kila siku. Halafu mdogo wangu akavunjika mguu wakati wa palizi. Mtama unasongwa na majani, watoto wake wadogo. Nikajua ninalotakiwa kufanya, na sikulitaka. Nilikwenda na jembe. Nimepalilia shamba nililonyang'anywa huku nalia kwa hasira. Upendo sikuwa nao. Nilikuwa na amri tu: wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi."

"Upendo ulikuja?"

"Ulikuja. Ulichelewa, lakini ulikuja."

Hapo ndipo nilipomwelewa Kivengere. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alitoka Uganda na uchungu mwingi moyoni, hadi ibada ya Ijumaa Kuu mjini London, alipoyasikia upya maneno, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Amin hakuwa ametubu. Luwum alikuwa kaburini. Amri ilikuwa ileile. Nami nayasikia maombi ya siku hizi, redioni na kwenye mikutano, ya kuangusha maadui na kuwateketeza, mara nyingi maadui wenyewe wakiwa shangazi na majirani. Yananihuzunisha sana. Watu waliouawa kweli kwa imani yao wametuachia mfano mwingine, tangu Stefano aliyelia akipigwa mawe, "Bwana, usiwahesabie dhambi hii."

Mdogo wake Mchungaji alikwisha kufariki, hakuwahi kubatizwa. Shamba liko kwa watoto wake. Nikauliza kama hakuwahi kulidai.

"Nililidai, kwa nini nisilidai? Paulo alitaka rufani kwa Kaisari. Nilikwenda barazani, nikashindwa." Alimimina karanga kwenye ungo. "Siku ile tulikwenda na mdogo wangu kwa baiskeli moja, mimi nikiendesha. Mguu wake haukupona vizuri."