Suti ya Kocha, raba zangu

"Baba, huyu kocha kasahau kubadilisha viatu?"

Kijana wangu alinisogezea simu juzi. Kocha wa chuo kikuu huko Marekani, suti ya kijivu imenyooka kwa pasi, chini raba nyeupe. Nikamwambia makocha wa kikapu wa kule wana wiki yao mwezi Januari ya kuvaa hivyo, kuchangisha fedha za kupambana na saratani. Akaridhika, akaondoka zake. Nikabaki nacheka peke yangu.

Nilimkumbuka Kocha wetu wa kikapu wa enzi zile, mtu wa suti kila mechi. Mwaka 2005 David Stern, kamishna wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alipowapiga marufuku wachezaji wake kuja kazini na raba na cheni juu ya nguo, pale kwetu Upanga, Dar es Salaam, hakuna aliyefurahi kumzidi Kocha. Ukija mechini na jinzi unasomewa Stern. Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet akachaguliwa namba mbili na timu ya Memphis kuingia NBA, akapanda jukwaani na suti yake kumpa mkono Stern huyohuyo. Basi, tukakoma.

Sasa siku moja ya mchujo tulitolewa kwenye uwanja wetu wa saruji tukapelekwa ukumbi wenye sakafu ya mbao, vanishi ndiyo kwanza imekauka. Mlangoni kuna mzee na fagio lake.

"Mzee wangu, mimi ni kocha."

"Kocha nimekuona. Hivyo viatu ndivyo havipiti. Soli ngumu zinanichania mbao."

Kocha akageuka, akatuangalia miguuni mmoja mmoja. Anavaa 46. Timu nzima mwenye 46 ni mimi, na raba zenyewe nilizihangaikia Karume kwenye mitumba mpaka wauzaji wakanizoea. Mtu wa benchi hana la kusema. Nikavua, nikakaa na soksi, Kocha akaingia na suti ya bluu, tai nyekundu, na raba zangu zenye gundi pembeni.

Robo tatu za mchezo sizisimulii, tulikuwa tunafungwa tu. Tulikuwa wachache, wengine wako kwenye mitihani. Robo ya nne mwenzetu mmoja akatoka kwa faulo tano, akaingia aliyekuwa amebaki. Kidogo tu, nahodha naye faulo ya tano. Refa akamwonyesha Kocha: badilisha. Sheria inakupa sekunde 30.

Kocha akaniangalia. Akaangalia chini.

Alikuwa amefunga kamba fundo juu ya fundo, kama mtu anayefunga mzigo juu ya basi la mkoani. Akakaa kwenye kiti, mguu juu ya goti, kucha zinateleza. Nikapiga magoti, navuta mguu wa kushoto, nahodha kang'ang'ania wa kulia kwa meno. Kwa meno, jamani. Tai ya Kocha inanipiga usoni, jukwaa limesimama lote, meza wanahesabu, na yeye anasema polepole, "Msichane suruali, msichane suruali." Raba ya kulia ilitoka na soksi yake. Niliingia uwanjani kamba zinaburuta, ndani ya raba kuna joto na jasho la mtu mzima ninayemwamkia shikamoo.

Nilifunga kikapu kimoja. Tulifungwa, tena vibaya.

Dakika zilizobaki Kocha alifundisha akiwa amesimama mguu mmoja na soksi, mwingine peku, koti limefungwa vifungo. Hakupunguza sauti hata kidogo. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au ukaidi. Mwaka 2020 makocha wa NBA walipokwenda Orlando kumalizia msimu wa korona, waliacha suti wakavaa fulana za kola, na wengi hawakuzirudia. Sidhani kama Kocha angewasamehe.

Msimu uliofuata alikuja na raba zake mwenyewe, nyeusi za ngozi, kazipaka kiwi zinang'aa. Mzee wa mlangoni akainama akazichunguza soli, akampisha. Sisi jinzi bado tulikatazwa.