Dakika 60 za jasho, na watoto wetu wa kike wanazikosa

Jamani mie hili nimeshachoka kulisemea jikoni peke yangu. Watoto wetu wa mjini hawachezi. Hebu tazama siku ya mtoto wa darasa la sita hapa Unguja, asubuhi skuli, akirudi anakula mbio mbio, mchana chuoni kusoma Kurani, akitoka chuoni tusheni mpaka karibu na magharibi, halafu usiku anapewa simu eti apumzike. Apumzike na nini, siku nzima kakaa kitako!

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo umwende mbio, na siku 3 kwa wiki angalau iwe shughuli ya nguvu hasa, kukimbia, kuruka, vitu vya kukaza misuli na mifupa. Si lazima saa nzima mfululizo, akenda skuli kwa miguu kwa mwendo wa haraka inahesabika, akiruka kamba uani inahesabika. Na bado hazifiki. Takwimu zao za mwaka 2016 zinasema vijana wa miaka 11 mpaka 17 duniani asilimia 81 hawatimizi hicho kiwango, wa kiume 78, wa kike 85.

Watu wakisikia mazoezi wanafikiria unene tu. Kwani mwembamba hana moyo? Mifupa inajazwa sasa hivi, utotoni na anapobaleghe, kila akiruka akatua chini mfupa unazidi kukaza, akishavuka miaka ya ishirini na kitu anakula akiba aliyoiweka. Misuli inayofanya kazi inachota sukari kwenye damu, na sie wenye sukari na presha kila nyumba tunajua hilo lina maana gani. Usingizi nao unakuja wenyewe. Na hiyo hesabu munayoiogopea, mtoto aliyetoka kukimbia anakaa akasikiliza vizuri zaidi kuliko aliyeganda dawatini tangu saa moja. Kwa hiyo skuli inayochukua kipindi cha michezo ikakipa hesabu (ninayo moja akilini, siitaji) inajipunguzia yenyewe.

Wa kiume angalau wanajiokoa, utawaona Forodhani wanajirusha baharini, au na mpira wao wa soksi popote penye uwazi. Wa kike ndio wananiuma. Akifika darasa la tano la sita hivi anaanza kuambiwa weye sasa mkubwa, kaa ndani, kosha vyombo. Juzi nilisimama kutazama wasichana wanacheza nage nyuma ya nyumba, yule wa kati kajifunga mtandio kibwebwe, mpira unakuja kajipinda, unatoka upande wa pili karuka, anahema, anacheka, wenzake wanapiga makelele, na mama mmoja dirishani anawaambia nyamazeni mutakuja kuvunjika miguu. Bi mkubwa, huko ndiko inakokazwa hiyo miguu! Na sitaki kuambiwa suala la stara, maana nage inachezwa na mtandio wako na suruali yako ndani, na kule Nungwi Panje Project wamewafundisha wasichana kuogelea na nguo za kufunika mwili wote. Tumezungukwa na bahari pande zote halafu mtoto wa kike hajui kuogelea, hilo peke yake ni hatari ya roho.

Mwezi wa Ramadhani pia naona watu wanasimamisha kila kitu, wakati usiku baada ya tarawehe ndio hewa nzuri na vichochoro vimejaa watoto, muachie nusu saa akimbie na wenzake. Tena tunajua kufanya tukitaka, kila tarehe 1 Januari si tuna siku ya mazoezi kitaifa, barabara zinajaa watu wazima na fulana zao za vikundi, mchakamchaka, mashaallah. Mtoto kaachwa nyumbani na katuni.

Mie mwanangu chuoni simtoi, tusheni nimeikata siku mbili kwa wiki, alaasiri hizo anatoka nje. Na kikao cha wazazi kijacho nitanyanyua mkono kuuliza kipindi cha michezo kinakwenda wapi, munaotaka kuniunga mkono njooni mukae safu ya mbele.