Siku moja maishani mwangu: meza ya unasihi, kidato cha pili, Tabora

Saa 1:15 asubuhi

Mafaili yanatoka kabatini. Leo ni zamu ya wazazi wa kidato cha pili: familia 9, dakika 20 kila moja, saa 3 hadi saa 6. Hawaitwi mapema zaidi kwa sababu Septemba huku kwetu ni mwezi wa vitalu vya tumbaku, na kitalu humwagiliwa asubuhi. Ukimwita mzazi saa 1, atakuja akili ameiacha bondeni, au hatakuja kabisa.

Kila faili lina ripoti ya muhula wa kwanza, karatasi za majaribio ya Agosti zilizosahihishwa, na nakala ya mahudhurio. Naanza na mahudhurio. Mtoto anayekosa shule kila siku ya mnada ana tatizo ambalo masomo ya ziada hayataliondoa.

Saa 2:30

Viti vitatu, upande mmoja wa meza. Mzazi, mwanafunzi na mwalimu wanatazama karatasi moja. Mtoto akikaa peke yake ng'ambo, kikao kinageuka baraza la mashtaka na hatasema neno.

Saa 3:00

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi huyu nataka awe daktari."

"Sawa mzee. Tumsikie kwanza mwenyewe."

Dakika 3 za mwanzo ni za mtoto. Haulizwi "utakuwa nani", maana atajibu kile baba anachotaka kusikia. Anaulizwa ni somo gani analifungua bila kusukumwa, na lipi analikimbia. Kisha tunashuka kwenye maksi.

Chukua ripoti ya aina ninayokutana nayo kila mara: Kiswahili 70, Jiografia 61, Biolojia 52, Historia 49, Kemia 47, Kiingereza 38, Uraia 33, Hesabu 31, Fizikia 28. Kwa viwango vya sekondari, 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Masomo 7 bora ya mtoto huyu yanaleta B moja, C nne na D mbili: 2 + 12 + 8, jumla pointi 22. Ingekuwa matokeo ya kidato cha nne, hilo ni daraja la tatu.

Wazazi wengi hufurahi na kutaka kuondoka. Nawaomba wabaki, maana safari ya kidato cha tano haiamuliwi na daraja peke yake. Anatakiwa awe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, masomo 7 yasizidi pointi 25, na masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo atakaosoma kidato cha tano, yasizidi pointi 10, bila F hata moja kati yake. Kwa CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) huyu ana pointi 9, anapita. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), ambayo mzee anaiota, imefungwa na ile Fizikia ya 28.

Zimebaki maksi 2 tu kufika D. Tunafungua karatasi yenyewe. Swali: kitu chenye gramu 200 na ujazo wa sentimita za ujazo 50, tafuta msongamano. Ameandika "4", basi. Hakuna kanuni, hakuna gramu kwa sentimita ya ujazo. Kukokotoa anajua, maksi zimevuja kwenye mistari ambayo hakuiandika, na karatasi ile ina maswali matatu ya namna hiyo. Dawa yake ni hatua nne, kila swali, bila kuruka: kilichotolewa, kanuni, kuweka namba, jibu na kipimo chake. Mzazi asiyejua Fizikia anaweza kuzihesabu hizo hatua daftarini kwa kidole.

Jambo hili lina haraka kwa sababu ya Januari. Upimaji wa Kitaifa wa kidato cha pili ni Novemba. Anayeshindwa anarudia kidato, na anayepita anaingia kidato cha tatu Januari hiyo, ambako wanafunzi wengi huitupa Fizikia. Sasa angalia: stashahada ya utabibu na ya uuguzi zote zinataka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, na D inatosha. Anayeitupa Fizikia ili "apumzike" ameiacha na njia ya kwenda kuwa tabibu au muuguzi, na mara nyingi nyumbani hawajui mpaka kidato cha nne kimekwisha.

Saa 6:10

Wali maharage.

Saa 7:00 mchana

Vyeti vya kuzaliwa. Kazi ya kuchosha, na ndiyo inayookoa watu wengi kuliko zote. Tunalinganisha jina herufi kwa herufi: cheti, usajili wa shule, kitambulisho cha mzazi. Makosa ni yale yale: Ramadhan na Ramadhani, jina la babu likatumika shuleni badala ya la baba, au cheti hakipo kabisa. Asiye na cheti anaelekezwa kwa msajili wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, ofisi ya mkuu wa wilaya. Jina lirekebishwe kabla ya usajili wa kidato cha nne. Likishaingia kwenye cheti cha mtihani utahangaika nalo, na mkopo wa elimu ya juu unadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA.

Saa 8:00

Wazazi waliobaki tunawakusanya chini ya mwembe kuzungumzia vyuo. Hapa Tabora mjini kuna cha nyuki, cha reli, cha ardhi, cha ualimu, na cha ufundi cha VETA. Watu wamezaliwa humu na hawajawahi kuuliza getini. Maswali ya kwenda nayo: mnataka masomo gani na kwa ufaulu gani? Ada ya kozi nzima ni shilingi ngapi, siyo ya muhula? Usajili wenu wa NACTVET, baraza la taifa la vyuo vya ufundi, uko wapi? Chuo kinachokwepa swali la tatu, mama, usikilipe hata fomu.

Saa 10:00 jioni

Ratiba ya nyumbani, tunaiandika na mzazi: saa 1:30 hadi saa 3:00 usiku. Dakika 40 somo gumu, 10 za kupumzika, 40 somo jepesi. Gumu litangulie, likiwekwa mwisho, usingizi unalishinda. Taa ya sola iwe imechajiwa mchana. Na wasichana: kuchota maji na kupika viishe kabla ya saa 1:30, au vigawanywe na kaka zao. Akina baba wengi huinamisha macho hapo, lakini lazima lisemwe, kwa sababu Novemba mvua inaanza, jembe linaingia, na mtihani uko mwezi huo huo.

Saa 11:20

Rejista: familia 6 zimefika, 3 hazikufika. Ujumbe wa simu unatumwa upya: "Mzazi, karibu Jumatano saa 4 asubuhi. Uje na mwanao na cheti chake cha kuzaliwa. Hakuna mchango wowote utakaodaiwa."

Ule wa kwanza haukuwa na sentensi hiyo ya mwisho.