Nilivyochagua kondoo dume kwa jeni zake

Huku Molo, Kenya, baridi na nyasi vinamfaa kondoo, na wengi wetu tunafuga Corriedale, Hampshire Down au Dorper. Nilipotaka dume la Hampshire kwa mfugaji anayezalisha kwa mbegu za ng'ambo, kabla ya uzito na bei nilimuuliza habari ya skrepi.

Huu ni ugonjwa wa ubongo, unaojulikana Ulaya tangu karne ya 18. Hauletwi na bakteria wala virusi. Protini ya prioni, ambayo kila kondoo anayo, ikijikunja vibaya huzigeuza zenzake nazo zijikunje hivyo hivyo, mpaka ubongo unajaa vitundu. Mnyama huambukizwa angali mchanga, hasa kutokana na kondo la nyuma na maji ya uzazi, lakini dalili mara nyingi hungoja miaka 2 hadi 5: anajikuna kwenye nguzo mpaka manyoya yanatoka, anakonda huku anakula, miguu ya nyuma inayumba. Dawa hakuna, chanjo hakuna. (Ila kondoo akijikuna, daktari wa mifugo atafute utitiri na chawa kwanza.) Kwa hiyo dume kuonekana mzima hakukunitosha.

Maabara husoma jeni ya protini hiyo mahali patatu, penye namba 136, 154 na 171, na kuandika herufi moja kwa kila mahali. ARR ndiyo inayokinga zaidi, VRQ ndiyo ya hatari zaidi. Kondoo ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama.

Mfugaji akanionyesha cheti cha baba wa dume: ARR/ARR.

"Mzee wangu, si inatosha?"

Nikamwambia mama hajapimwa, na huenda VRQ imejificha upande huo. Tukaafikiana nilipie kipimo. Damu ikapelekwa maabara ya nje, na kusubiri kibali kulinichosha kuliko gharama. Jibu likaja: ARR/ARR. Nikamnunua.

Sasa kila mwanakondoo wake anazaliwa na angalau ARR moja, mama awe na nakala zozote. Bado kondo la nyuma naliondoa upesi na kulichoma, kwa sababu prioni hazifi kwa kuchemshwa na hukaa udongoni miaka mingi. Tena ile skrepi ya aina tofauti iliyotambuliwa Norwei mwaka 1998 huwapata hata wenye ARR/ARR. Mabinti wa dume huyu nitawapandisha kwa dume mwingine aliyepimwa ARR/ARR, na kwa wastani angalau nusu ya wajukuu watakuwa nazo zote mbili.