Kurudi kwenye kona: mwili kwanza, imani baadaye

Dereva wa pikipiki aliyewahi kuteleza kwenye kona hupoteza vitu viwili kwa mpigo: hupoteza imani yake kwa tairi, na hupoteza ukaaji wake mzuri juu ya pikipiki. Watu humhangaikia zaidi kuhusu hicho cha kwanza. Humwambia ajipe moyo, asiogope, atazoea tena kadiri siku zinavyokwenda. Tangu tairi la nyuma liniponyoke juu ya dizeli iliyomwagika katika kona ya kulia, kwenye mteremko wa kutoka Soni kwenda Mombo, nimefikia kuamini kwamba cha pili ndicho chenye dawa. Mwili ukirudishwa katika mpangilio wake, imani hurudi bila kubembelezwa. Lakini mtu akijilazimisha kwenda kasi huku mwili umekakamaa, anaikuza hofu ileile anayotaka kuiondoa.

Kwa asiyeijua barabara hiyo, inaanzia Mombo, kwenye joto la tambarare kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na inapanda Milima ya Usambara kwa kilomita zipatazo 33 kupitia Soni hadi Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Ni lami nyembamba inayofuata ubavu wa mlima, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde, na kona zake nyingi hazionyeshi mwisho wake mpaka uwe umekwisha kuingia. Juu yake hupita mabasi, daladala, bodaboda na malori ya mboga na matunda yanayoteremshwa kupelekwa masoko ya mbali. Mvua ikinyesha, maji huvusha udongo na kokoto kutoka kingoni hadi katikati ya lami, na jua likitoka vinabaki palepale. Mtu aliyepoteza utulivu wa kona hawezi kuificha hali yake katika barabara ya namna hiyo, kwa sababu hakuna sehemu ndefu iliyonyooka ya kupumzikia.

Hofu ya kona ina dalili ambazo hata mtu aliyesimama kando ya barabara anaweza kuziona. Viwiko hunyooka na kukaza, mabega hupanda kuelekea masikioni, macho hushuka hadi mita chache mbele ya tairi, na mkono wa kulia hukata mafuta ghafla katikati ya kona. Kila dalili ina madhara yake. Mikono iliyokaza huuzuia usukani kujirekebisha pale tairi la mbele linapogonga kokoto au kuingia kwenye kishimo, ilhali pikipiki iliyo katika mwendo ina uwezo mkubwa wa kujisawazisha yenyewe ikiachiwa nafasi. Macho yaliyoshuka huifanya barabara ionekane inakimbia kuliko ilivyo, kwa kuwa kilicho karibu hupita machoni haraka, na dereva akadhani amezidisha mwendo kumbe yuko kilomita 30 tu kwa saa. Kukata mafuta ghafla hutupa uzito mbele, shokapu za mbele huzama, na tairi la mbele huongezewa mzigo wakati tayari linabeba kazi ya kugeuza. Dereva akishika na breki ya mbele kwa nguvu katika hali hiyo, ama tairi litateleza, ama pikipiki itataka kusimama wima na kunyoosha njia, yaani kutoka nje ya kona.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Utafiti wa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kufuatilia ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ulikuta kwamba katika takriban theluthi mbili ya ajali zilizohusisha pikipiki peke yake, chanzo kilikuwa kosa la dereva. Makosa ya kawaida yalikuwa kupiga breki kupita kiasi hadi kuteleza, na kutanuka kwenye kona, yaani kutoka nje ya njia, kwa sababu ya mwendo mkubwa au kwa sababu ya kutoilaza pikipiki (kuiinamisha upande wa kona) vya kutosha. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Wapo watu waliotoka barabarani ilhali pikipiki zao zilikuwa bado na uwezo wa kulala zaidi. Kilichokwisha kilikuwa utayari wa dereva, na mshiko wa tairi ulikuwa bado upo.

Hesabu yake si ngumu, na mimi imenisaidia kuliko maneno mengi ya faraja. Kiasi cha kulala ambacho kona inadai hutegemea mwendo na ukali wa kona, na mwendo hujizidisha wenyewe katika hesabu hiyo. Chukua kona kali yenye nusu kipenyo cha mita 20. Kwa kilomita 30 kwa saa, pikipiki inahitaji kulala nyuzi zipatazo 20 tu, kiasi ambacho hata pikipiki ndogo ya kazi inakimudu bila kanyagio kugusa lami. Kwa kilomita 40 kwa saa, kona ileile inadai nyuzi zipatazo 32. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini mshiko unaodaiwa kwa tairi umekaribia kuwa mara mbili. Nilipoielewa hesabu hii niliacha kuilaumu hofu yangu yote kwa pamoja. Hofu iliyokuja kwa kilomita 40 ilikuwa na haki yake na nikaisikiliza. Ile iliyokuja kwa kilomita 25 juu ya lami kavu haikuwa na msingi, na dawa yake ilikuwa mazoezi.

Mazoezi yenyewe niliyaanza mbali na mlima, kwenye uwanja wa lami usio na magari asubuhi, nikizunguka duara pana, kisha duara dogo zaidi, kisha umbo la tarakimu nane. Fundi mmoja mzee aliyewahi kuendesha bodaboda kwa muda mrefu alinitazama nikizunguka, akaniita. “Mwanangu,” akasema, “geuza kidevu, usigeuze macho peke yake.” Nilimwitikia, “Sawa, mzee,” nikarudi kwenye duara nikijaribu kukielekeza kidevu juu ya bega la ndani, nikitazama upande wa pili wa duara badala ya lami iliyo mbele ya tairi. Tofauti ilijitokeza papo hapo. Kichwa kikigeuka, bega la nje huenda mbele, kiwiko cha ndani hulegea, na duara hupungua bila mtu kulivuta. Macho yanayogeuka ndani ya kofia ngumu iliyotulia hayaleti mabadiliko hayo, na ndiyo maana ushauri wa “tazama mbali” huwashinda wengi: wanatazama mbali kwa macho, lakini shingo na mabega yamebaki yameelekea kule wanakoogopa kwenda.

Baada ya macho inafuata mikono, na hapa pana jambo ambalo madereva wengi wanalifanya bila kulijua. Pikipiki iliyokwisha kupata mwendo hailali kwa kuzungusha usukani kuelekea upande wa kona kama baiskeli ya mtoto anayejifunza. Ukitaka kwenda kulia, unausukuma mbele kidogo mpini wa kulia. Tairi la mbele huelekea kushoto kwa muda mfupi mno, pikipiki huangukia kulia, kisha usukani hujifuata wenyewe ndani ya kona. Aliyepoteza ujasiri huuvuta mpini huo badala ya kuusukuma, au huisukuma mipini yote miwili kwa mikono iliyonyooka, na matokeo yake pikipiki huwa nzito, haiitiki, naye huamini kwamba imekataa kulala. Nilichokifanya ni kushikilia tangi kwa magoti, kuinamisha kiwiliwili mbele kidogo hadi viwiko vikunjike, kisha kusukuma kwa kiganja cha upande mmoja tu na kuuacha mkono mwingine bila kazi. Kabla ya kila kona nilikuwa napunga viwiko juu na chini, kama kuku anayekung’uta maji. Visipopungika, mikono imekaza, na kona hiyo ipitwe polepole zaidi.

Tairi jipya la nyuma nililofunga baada ya kuanguka lilinionyesha kitu ambacho nisingekiamini kwa kuambiwa. Tairi jipya huwa na vijinywele vya mpira pembeni, navyo huisha kadiri pikipiki inavyolazwa. Baada ya kupanda na kushuka mlima kwa muda, vijinywele vya upande wa kushoto vilikuwa vimekwisha hadi karibu na ukingo, lakini vya upande wa kulia vilibaki vimesimama katika mstari mpana. Nilikuwa nalaza vizuri kushoto, na kulia naenda wima kama niliyebeba trei ya mayai, kwa kuwa kule ndiko nilikoangukia. Tangu hapo niliyapa mazoezi ya kulia muda zaidi, na nilipokuwa barabarani nilipanga kuingia kila kona ya kulia kwa mwendo mdogo kiasi kwamba pasiwe na sababu ya kugusa breki ndani yake.

Kona za kulia zina hatari yake ya pekee kwetu tunaoendesha upande wa kushoto, hata kwa asiye na hofu. Pikipiki ikilala kulia, kichwa na bega la dereva hutangulia kuelekea katikati ya barabara. Magurudumu yanaweza kuwa ndani ya njia yako huku kichwa kiko kwenye njia ya basi linaloshuka. Kwa hiyo katika kona ya kulia nabaki upande wa kushoto wa njia yangu hadi nione mwisho wa kona, ingawa huko ndiko kokoto zinakokusanyika na inanilazimu nizitafute kwa macho mapema. Katika kona ya kushoto nasogea kidogo kuelekea katikati kabla ya kuingia ili nione mbali zaidi, lakini honi ya lori ikisikika naiacha nafasi hiyo mara moja. Mstari mzuri wa kona una thamani ndogo kuliko mita moja ya nafasi.

Njia ninayoitegemea kupima kona isiyoonyesha mwisho ni ile wanayofundishwa polisi wa pikipiki wa Uingereza: kutazama mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Mahali hapo pakikukimbia, kona inafunguka. Pakisimama au pakikusogelea, kona inakaza na mwendo upunguzwe. Mtu anayefanya kazi hii hawezi kutazama kokoto kwa muda mrefu, na hilo peke yake ni faida, kwa kuwa pikipiki hufuata macho, na dereva anayekazia macho kokoto ataifuata kokoto.

Mteremko ulikuwa mtihani mgumu kuliko mlima, na naona ni hivyo kwa wengi. Mvutano wa dunia unaongeza mwendo, uzito uko mbele, na breki hufanya kazi kuliko kawaida. Hapo mpangilio ni kila kitu: breki zote mbili kabla ya kona pikipiki ikiwa wima, gia inateremshwa hadi injini iubebe mwendo, breki zinaachiwa taratibu, kidevu kinageuka, kiganja kinasukuma, kisha mafuta yanafunguliwa kidogo kidogo ili pikipiki isizame mbele. Tabia ya kuweka nyutro ili kuokoa mafuta kwenye mteremko siielewi hata kidogo. Inaokoa kiasi kidogo cha petroli na kuondoa msaada wa injini pale unapohitajika zaidi, na breki za pikipiki ndogo zikipata joto hupungua nguvu.

Hakuna zoezi litakalofaa juu ya tairi bovu. Tairi lililoisha katikati kwa safari ndefu zilizonyooka huwa bapa, na pikipiki yake hulala kwa kishindo, mwanzoni inagoma, kisha inaanguka ghafla. Dereva hudhani tatizo ni lake. Upepo ukiwa mdogo, usukani huwa mzito. Umri wa tairi nao usomwe ubavuni, kwenye tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira mkongwe hukakamaa hata kama kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, bado ni nene. Beringi za shingo ya usukani zikaguliwe vilevile, kwa kuinua tairi la mbele na kuuzungusha usukani taratibu. Ukikwama katikati, pikipiki hiyo itayumba kwenye kona bila kujali ustadi wa aliyeikalia.

Abiria nilimwacha hadi mwisho kwa makusudi. Mtu wa nyuma akiogopa hujiinua kuelekea upande wa nje wa kona, na hapo dereva hulazimika kuilaza pikipiki zaidi kwa mwendo uleule. Siku hizi kabla ya kuondoka Mombo namweleza abiria wangu maneno machache: atazame juu ya bega langu la upande ule tunakopinda, ashike vizuri, asinyanyue miguu kwenye kanyagio, na akitaka tupunguze mwendo anigonge begani. Wapo wanaogonga tangu kona ya kwanza, na ninapunguza.