Wanyama, yule mtu wetu wa kiungo

Aisee, Victor Wanyama nitamkumbuka daima. Mwaka 2012 akichezea Celtic ya Scotland, pale uwanjani kwao Celtic Park, Barcelona wamekuja na kina Messi na Xavi, kona ikapigwa, jamaa akaruka akatia kichwa, wavuni! Mechi ikaisha Celtic 2-1 na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Alikua mgumu, anakaba, ananyang'anya mpira alafu anautoa bila mbwembwe. 2013 akaenda Southampton, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza (kakake Mariga yeye alikua Inter Milan ya Italia), baadae Tottenham, na lile kombora lake la Anfield, uwanja wa Liverpool, 2018 hata golikipa hakuliona vizuri. Majeraha ya goti ndo yalimrudisha nyuma, iliniuma sana. 2020 akaenda Montreal, kule Canada.