Uprofesa Wangu Niliupata kwenye Maji ya Bamvua

Tangu nipewe tuzo, naulizwa sana mwanamke anafikaje kwenye uprofesa wa biolojia ya bahari, na majibu ninayosikia wengine wakinitolea hunikera. Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoajiriwa ulikuwa nikae maabara na kupima sampuli watakazoniletea wanaume, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuifuata bahari. Aliyenishauri hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa hajapata kuwaona kina mama wa kijiji cha Paje, Unguja, wakiingia majini na ujauzito, wakitoka na magunia ya mwani, na chakula cha mchana kikipikwa vilevile.

Kwa hiyo nilichagua mwani. Kilimo chake cha biashara Unguja kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Aina yenye bei nzuri, kotonii, ilikuwa ikifa: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, na kamba inabaki tupu, huku spinosamu ya bei ndogo ikistahimili. Wakulima walikuwa wakisema siku nyingi kwamba maji yamekuwa ya moto, lakini vipimo vya mashambani mwao havikuwapo.

Mashamba ya mwani hufikiwa maji yakitoka, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo bahari hupwa na kujaa kupita kawaida, maji yetu hutoka kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, saa ambayo vyuo hupenda kuweka mihadhara. Kila mwaka, kabla ratiba haijapangwa, nilimwendea mpangaji wake na jedwali la maji kupwa na kujaa, nikaomba vipindi vyangu vyote viwe alasiri. Alicheka, kisha akakubali haraka, maana hakuna mwingine aliyevitaka. Ninyi mnaoanza, wahini ofisi ya ratiba mapema kabla ya kuhangaikia ufadhili.

Vipimajoto ndivyo vilivyonitoa jasho. Ni vidude vya ukubwa wa sarafu vinavyorekodi joto vyenyewe, na bei yake haikuwa mchezo kwa mshahara wangu. Nilivifunga kwenye vigingi ndani ya vipande vya bomba la plastiki vyenye matundu, ili jua lisivipashe moto moja kwa moja. Bamvua lililofuata nilikuta vigingi vitupu. Mwenzangu mmoja, kwa kujiamini kabisa, akaniambia nivijengee zege na kusimamisha kibao chenye nembo ya chuo. Nikajenga. Zege lilifukiwa na mchanga hata nikashindwa kulipata, na kibao, nilivyokuja kuambiwa kwa kicheko, kilimalizikia jikoni kwa mtu kikiwa kuni bora kabisa.

Hapo nikaacha kuvilinda na nikavigawa. Kila kipimajoto nilikikabidhi kwa mkulima mmoja, nikaandika jina lake juu ya bomba, na kila nilipofika nilimsomea joto la shamba lake mbele ya wenzake. Havikupotea tena. Ugomvi uliobaki ulikuwa wa nani asomewe kwanza, bibi mmoja alikuwa akikisugua chake mchanga kila anapoingia shambani, na kunidai majibu kabla sijavua viatu: "Mwalimu, cha kwangu kimesema nini?" Mchana wa msimu wa kaskazi, wakati wa joto, kwenye maji ya kina kifupi, vilisema joto lilipanda mbali juu ya nyuzi 30, mahali ambapo kotonii huanza kuugua.

Kutoka hapo ilibidi tuhamie kina kirefu, kwenye maji yenye ubaridi zaidi, tukipanda mwani ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Upepo wa kusi ukazing'oa za kwanza, na samaki aina ya tasi wakala ncha za zilizosalia. Zaidi ya hayo, wengi wetu hatukujua kuogelea, mimi nikiwamo, na kujifunza ukubwani mbele ya wanafunzi wako ni adhabu ya pekee. Makala ziliandikwa, vyeo vikapanda, kamati zikaketi. Huko hakuna hadithi.

Fedha za tuzo zilitosha boti ndogo na mashine yake, na kiasi kidogo cha nyavu. Nahodha ni mwanafunzi wangu wa kike, na wavuvi wanaotaka kuiazima sharti wamwombe yeye, ambaye kwa kawaida hukataa.